Poto za Kibua na Classement ya Wakubwa

Kuna jambo niliamini kwa miaka mingi, na niliamini bila kubakiza: kwamba nguzo za goli za Kibua zinatembea. Huku kwetu nguzo za goli tunaziita poto. Basi watu walisema poto za uwanja wa shule ya Kibua zilikatwa kwenye mti ulio hai, mti ambao mzee mmoja wa pori aliongea nao kwanza, na mti ukakubali kuwa poto kwa sharti kwamba usitiwe aibu mbele ya wageni. Kwa hiyo mgeni akipiga shuti zuri, poto inajisogeza kidogo, mpira unapita nje. Mwenyeji akipiga, poto inasimama kama askari mbele ya kolonel.

Msinicheke. Sikuwa mtu wa bure. Nilikuwa na diploma yangu ya cours du soir, niliyoisomea jioni baada ya kubeba magunia sokoni Masisi mchana kutwa, na mgongo wangu ulijua aljebra kuliko walimu wengine. Tena nilikuwa na shahidi. Kipa mmoja wa Masisi alikwenda Kibua kucheza mechi ya kirafiki, akarudi tena sezoni iliyofuata. Aliniapia kwa jina la mama yake kwamba poto ya kushoto aliiacha karibu na jiwe, na aliporudi akaikuta imeliacha jiwe nyuma. Na ilikuwa na majani. Majani! Poto inayoota majani, mimi nani niikatalie kutembea? Nilipomsimulia mke wangu habari hiyo, poto zilikuwa tayari zinaruka mito.

Ninaanza na hayo kwa sababu nyinyi vijana mnaniuliza kila siku kazi yangu ilikuwa nini hasa, na kazi yangu haielezeki bila poto zile.

Siku ya kwanza nilifika kwenye radio ya Masisi nikiwa ndani ya koti la harusi la kaka yangu, mikono yake ikinifika kwenye kucha. Radio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, batri mbili za gari, na antena iliyofungwa kwa kamba kwenye mti wa mkaratusi. Mvua ikinyesha, wasikilizaji walisikia mvua kuliko habari. Directeur alikuwa mwalimu wa zamani, mwembamba, mtu wa kusema kidogo. Aliniangalia kuanzia koti mpaka viatu.

"Weye njo ule muntu wa makelele?"

"Njo miye, Directeur."

"Sema kitu."

Nikasema habari za asubuhi. Mbuzi wa jirani walikimbia mpaka leo hawajarudi.

"Inatosha," akasema. "Utakamata sport. Politiki tutaachia muntu wa sauti ndogo, ju politiki inauwaka."

Ndivyo nilivyoingia katika mpira wa mashule wakati wa vita. Na kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa kutangaza mechi. Ilikuwa classement ya mbele ya sezoni.

Niwaeleze. Kila mwaka, kabla mpira haujaguswa hata mara moja, Komite ya michezo ya mashule ilikaa na kupanga ekipe za ma-collège na ma-institut ya Masisi na Walikale, kutoka ile inayotarajiwa kuwa ya kwanza mpaka ile inayotarajiwa kuburuta mkia. Mahali pengine kitu kama hicho ni maneno ya kinywaji tu; watu wanabishana, wanacheka, wanaenda kulala. Kwetu sivyo. Kwa sababu ya vita, Komite ilisema haiwezi kuchunga viwanja vyote. Basi ikaweka desturi yake: ekipe za nusu ya juu zinapokea nyumbani, ekipe za nusu ya chini zinasafiri. Sezoni nzima! Wa juu anaamka, anakunywa chai, anavuka barabara, anacheza. Wa chini anapita barrière za watu wenye bunduki, anavuka matope ya kiunoni, anafika, anacheza huku magoti yakiimba. Karatasi moja iliamua miguu ya nani itateseka.

Directeur wangu alilijua hilo, na alinifundisha kazi kwa namna ya mafundi. "Classement ni kazi ya miguu," aliniambia. "Hapana tabiri kitu hukukiona. Enda ukasimame ku training, mvua ikupige."

Nikaenda. Nilisimama kando ya viwanja vya Masisi, Kitshanga, Walikale, mpaka nikaota kutu. Nilijifunza kutazama kwanza effectif, yaani wachezaji waliobaki. Katika nchi ya amani mnahesabu wale waliomaliza shule wakaondoka. Sisi tulihesabu vilevile waliokimbia. Ekipe iliweza kulala na kiungo hodari, ikaamka bila kijiji. Beki wa kulia yuko msituni na mama yake, beki wa kushoto yuko kambini, mpira wenyewe umebaki kwa padri. Na kinyume chake pia: Kitshanga ilikuwa na nguvu kwa sababu kambi za wakimbizi zilikusanya vijana wa kila upande. Kambi ilileta taabu, lakini ilileta pia mabeki. Vijana wa Omate, waliochimba madini wakati wa likizo, walikuwa na mapaja kama mihimili ya kanisa, ila walikimbia mbele tu. Kugeuka ilikuwa shida, nadhani kwa sababu ndani ya shimo hakuna nafasi ya kugeuka. Unatazama kipa: bado anaruka, au mwaka jana alipitisha njaa? Unatazama kama wanasemeshana. Ekipe isiyosemeshana imekwisha, hata ikiwa na viatu vipya.

Kisha unakaa, unapanga. Hiyo ndiyo kazi. Mimi nilipanga, Directeur akasoma, akapeleka kwa Komite kama maoni ya radio. Komite ikafungia sukari kwa karatasi yetu.

Sasa hapa ndipo damu yangu inapochemka, na mniache ichemke.

Kwenye Komite mkubwa halisi alikuwa Monsieur le Secrétaire. Rais wa Komite alikuwepo, ndiyo, lakini alikuwa mtu wa kusinzia. Monsieur le Secrétaire alivaa suti ya rangi ya chai ya maziwa na miwani aliyoiweka kwenye kipaji cha uso, sijui paji lake lilikuwa linasoma nini. Katika miaka yote niliyomjua sikumwona kando ya uwanja kabla ya fainali. Alipanga ekipe akiwa amekaa! Shule yenye mabati mapya, juu. Shule ambayo Préfet wake, yaani mkuu wa shule, anakuja kwenye mkutano kwa moto, pikipiki inayong'aa, juu. Shule ya majani na matope, chini. Na chini kabisa, kila mwaka, kama mtu aliyezaliwa pale: Kibua.

Nilimwuliza siku moja mbele ya watu.

"Monsieur le Secrétaire, Kibua uliionaka wapi ikicheza?"

"Journaliste, Kibua haina lazima ya kuonekana. Préfet wao anakujaka mu réunion na mabote ya matope."

"Sasa ni mabote ya Préfet njo inacheza bola?"

"Discipline, Journaliste. Discipline inaanziaka ku kiatu."

Discipline! Préfet yule alitembea siku mbili katika mvua ili afike kwenye mkutano wao, na matope yenyewe yakageuzwa kuwa kosa. Tazameni ujanja wa jambo hili. Kibua ni ya mwisho, kwa hiyo inasafiri. Inasafiri, kwa hiyo inafika imechoka. Imechoka, kwa hiyo inapigwa. Imepigwa, kwa hiyo mwaka ujao ni ya mwisho. Na barabara ikifungwa na mapigano, Kibua haifiki, inaandikiwa forfait, yaani inahesabiwa imepigwa tatu kwa sifuri na ekipe ambayo haikutoka jasho. Kisha Monsieur le Secrétaire anashusha miwani kutoka kwenye paji na kusema, "Munaona? Haba batu habana sérieux."

Entraîneur wa Kibua, kocha wao, alikuwa mwalimu wa jiografia, Mwalimu Bahati. Baba yake alikuwa mwindaji, na yeye alikuwa na mwendo ule wa wawindaji, hasikiki akifika. Kuna mwaka alikuja mwenyewe mbele ya Komite, kofia mkononi, akaomba kitu kimoja tu.

"Bakubwa, sitafute nafasi ya kwanza. Mutuweke hata ya mwisho. Lakini mutupatie mechi moja ya championnat nyumbani. Moja tu. Bazazi ya batoto habayawahi kubaona bakicheza. Mama ya capitaine wangu aliniuliza: Mwalimu, ule mutoto kweli anachezaka, ao munaendakatu kutembea?"

Watu walicheka kidogo, kicheko kizuri. Hata Rais aliamka. Niliona kabisa neno linakaribia kupita. Ndipo Monsieur le Secrétaire akasema:

"Kibua? Ku zile poto zinatembeaka?"

Basi kicheko kikabadilika. Kikawa kile kingine, cha kumvua mtu nguo. Nilisimama. Na kwa kuwa niliamini habari ile ya poto kuliko hata wao, nilimtetea Mwalimu kwa hoja ya kisayansi.

"Monsieur le Secrétaire! Hata kama zinatembea, zinatembea pande zote mbili! Na ku mi-temps ekipe zinabadilisha goli! Sasa nani anaibiwa?"

Mwalimu Bahati aligeuka akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka majini. Kisha akainamisha kichwa.

"Poto ni poto, bakubwa," akasema. Akavaa kofia yake.

Nikafikiri: ahaa, amefunga kinywa kwa sababu ni siri ya wazee. Mimi nililelewa hivyo. Upande wa mama yangu ni watu wa Walikale, na kwetu mambo ambayo wazee wanayafanya msituni hayaulizwi na mtu wa nje, wala hayasemwi mezani. Nikaheshimu. Sikumwuliza siku ile, wala baadaye.

Directeur wangu wa kwanza aliondoka na mapafu yake mabovu kwenda kwa watoto wake Goma. Akaja Directeur wa pili, kijana wa tai, mtu ambaye neno lake kubwa lilikuwa "tupunguze". Nilisema ekipe ni mbaya, tupunguze. Nilisema Komite inapanga kwa kutazama mabati, ah! tupunguze sana. Mwishowe alinipunguza mimi: alinituma kwenye radio ndogo ya Walikale, akasema ni kupandishwa cheo. Kupandishwa gani? Nilishuka mpaka mahali ambapo mvua inanyesha hata ndani ya usingizi.

Lakini nilimshukuru baadaye, kwa sababu kule Walikale niliiona Kibua kwa macho. Walipita barabarani asubuhi moja wakienda kucheza, wote kwa mstari, viatu vimefungwa kamba shingoni visije vikachakaa kabla ya mechi, Mwalimu Bahati nyuma yao kimya. Niliwafuata mpaka uwanjani. Kipa alikuwa paka. Capitaine, kijana mrefu mwenye kichwa kikubwa, alipiga mpira kwa kichwa kwa nguvu ambazo wengine hawana kwa mguu. Na walisemeshana! Kila mmoja alijua jina la mwenzake na kosa lake. Walipigwa siku ile, kwa sababu kipindi cha pili miguu yao ilikuwa bado iko njiani. Lakini mwenye macho aliona.

Sezoni iliyofuata nilitangaza classement yangu mwenyewe hewani. Nikaweka Kibua ya pili. Kitshanga, mabingwa, nikawaweka wa tatu.

Lo! Simu zilizolia siku ile zingeweza kuendesha umeme wa mji mzima. Monsieur le Secrétaire alimpigia Directeur wangu wa tai kule Masisi, Directeur akanipigia mimi.

"Nani alikupa ruhusa? Utarudia ku micro, useme ulikosea."

"Directeur, nilisema kipa wao anarukaka. Nirudie niseme harukake?"

"Sema tu ni maoni."

"Kipa kuruka si maoni!"

"Papa, tupunguze."

Sikupunguza. Lakini radio haina uwanja. Komite iliweka Kibua ya mwisho kama desturi, na mechi ya kwanza ikapangwa: Kibua kwenda Kitshanga.

Aliyegeuza mambo hakuwa mimi, na nasema hivyo kwa uchungu. Alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, mwenye duka kubwa Kitshanga na camion iliyoning'inizwa rozari kwenye kioo. Yeye ndiye aliyevalisha ekipe ya Kitshanga jezi, na kofia za Komite zilitoka dukani kwake vilevile. Camion yake ilikuwa inashusha chumvi na unga upande wa Walikale. Alisimamisha camion mbele ya radio, akaingia bila kupiga hodi.

"Journaliste! Weye njo uliweka ekipe yangu ya tatu? Nyuma ya Kibua?"

"Njo miye, Papa."

Nilijiandaa kupigwa. Nilishatazama dirisha. Akacheka mpaka tumbo likagonga meza.

"Basi tutaenda kuona! Camion inashuka vile-vile. Nitapakia batoto ya ekipe yangu juu ya chumvi. Minataka kuona zile poto na macho yangu."

Alimpigia Monsieur le Secrétaire palepale, mbele yangu. Mtu ambaye kwa miaka alimkatalia mwalimu aliyekuja kwa miguu, kofia mkononi, alikubali kabla ya simu kupata joto sikioni. Mechi ikahamishiwa Kibua. Nilifurahi, na nilikasirika kwa sababu nimefurahi. Kumbe ombi la haki lilikuwa halina miguu, lilihitaji camion.

Tulikwenda. Camion ilifika pale barabara inapokufa, kisha tukashuka wote tukatembea: wachezaji wa Kitshanga katika jezi zao nzuri, Papa Kasereka akihema kama injini ya pili, Monsieur le Secrétaire akiokota suruali yake ya rangi ya chai kutoka kwenye matope. Hakuna aliyemwandikia kosa la discipline.

Kibua yote ilikuwa uwanjani. Wamama walikaa juu ya magogo na watoto mgongoni, wazee wamevaa makoti ya Pasaka, ngoma zimeanza kabla sisi hatujaonekana. Wenye silaha waliokuwa wanashika eneo lile wakati ule walikuja vilevile kutazama, bunduki begani, wakipiga makofi kama watu wengine. Mimi kitu cha kwanza nilichotafuta ni poto. Zilikuwepo. Mbichi, zimenyooka, na juu yake majani, kama nilivyoambiwa! Nilivua kofia, nikazisalimia kwa adabu.

Mechi yenyewe nitaisimulia hata kaburini, mniletee kiti. Kwa mara ya kwanza niliwaona vijana wale wakicheza na miguu iliyolala nyumbani. Walikimbia kipindi cha kwanza, wakakimbia cha pili, na nadhani wangekimbia cha tatu kama kingekuwepo. Mama wa capitaine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunipokonya kazi, hakukaa hata kidogo.

"Capitaine! Inua kichwa! Nilikuzalia kichwa ya kuangalia chini?"

"Mama, acha nicheze!"

"Cheza basi, nione!"

Kitshanga walipiga shuti moja kali likagonga poto, paa! Poto ikatetemeka majani, ikabaki palepale. Mimi nikajisemea: leo zina wageni, zinajiheshimu. Kisha, karibu na mwisho, kona ya Kibua ikaja juu, na yule kijana akainua kile kichwa alichozaliwa nacho, mpira ukalala wavuni. Moja kwa sifuri. Mama yake aliingia uwanjani, arbitre na filimbi yake akikimbia nyuma, akamshika mwanawe masikio yote mawili akamtikisa mbele ya watu. "Kumbe unachezaka!" alikuwa anapiga kelele. "Kumbe unachezaka!" Mwalimu Bahati alisimama kando, na nilimwona anafuta uso kwa kofia yake.

Hapo ndipo kingeishia, kama dunia ingekuwa na adabu.

Lakini Monsieur le Secrétaire alikuwa ameanza kuzunguka golini, mikono nyuma. Akainama. Akaita wajumbe wa Komite waliofuatana naye. Kando ya kila poto kulikuwa na alama ya shimo la zamani lililojaa udongo, na kando ya hilo jingine, na kando ya hilo jingine, yanafuatana ardhini kama nyayo. Mimi nikavua kofia tena. Ilikuwa kweli! Zilikuwa zimetembea, na njia yao ndiyo hiyo!

"Mwalimu Bahati," Monsieur le Secrétaire akaita kwa sauti ya mahakama. "Eleza haya mashimo."

Mwalimu alikuja. Alitazama mashimo. Akawatazama watu waliozunguka uwanja, wote, mpaka wale wenye bunduki begani.

"Sina neno," akasema.

Basi mechi ikafutwa palepale. Poto si za kawaida, mechi itarudiwa Kitshanga. Nilipiga kelele mpaka ndege wa Walikale wakahamia Masisi.

"Règlement haina article inayokataza poto kutembea!"

"Haina pia article inayoruhusu."

Hata Papa Kasereka, aliyepigwa, alikuja mbele akiwa bado na jasho. "Monsieur le Secrétaire, miye njo nimepigwa, na minasema nimepigwa. Bola ilipita mu kati ya poto mbili, na poto zilikuwa ku nafasi yao. Nimeona." Mara hii camion haikutosha. Mkubwa alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta tangu miaka mingi, na mkubwa akishapata sababu haiachi.

Wiki ya marudiano mapigano yalifunga barabara. Kibua haikufika. Forfait, tatu kwa sifuri. Na katika classement iliyofuata waliandika Kibua ya mwisho, wakaongeza neno "udanganyifu" pembeni. Haikupewa mechi ya nyumbani tena mpaka siku niliyoacha kazi. Niliyasema haya hewani kila sezoni, na kila sezoni niliambiwa nipunguze.

Sasa nimestaafu. Sauti imebaki ya kuitia kuku tu. Ninawasikia nyinyi vijana wa radio mkitangaza classement zenu, na ninawauliza: mmesimama wapi? Mvua gani imewapiga? Mnatazama picha za jezi kwenye telefone, mnasema ekipe hii itakuwa ya kwanza. Mmevua tu suti ya rangi ya chai, paji la uso ni lile lile. Kabla hamjamweka mtu wa mwisho, nendeni mkaone ametokea wapi na amefika na miguu ya namna gani. Nasema kwa hasira, ndiyo. Hasira hii ndiyo pensheni pekee inayofika kwangu kwa wakati.

Juzi juzi Mwalimu Bahati alikuja Masisi kumwona mjukuu wake, akapita kwangu. Naye amezeeka, lakini bado hasikiki akifika. Nilimkuta tayari ameketi. Mke wangu alileta fufu na sombe. Tukala, tukamtukana Monsieur le Secrétaire kwa raha, tukamkumbuka yule mama na masikio ya mwanawe. Nikaona sasa tumekuwa wazee wote wawili, naweza kuuliza. Nikapunguza sauti, mara ya kwanza maishani.

"Mwalimu, ule muzee aliongeaka na muti, angali iko?"

"Muzee gani?"

"Wa poto. Ule aliyefanyaka zitembee."

Aliweka kijiko chini. Alinitazama vilevile kama siku ile mbele ya Komite.

"Papa Journaliste. Weye pia?"

Nikamsogezea bakuli la sombe.

"Kila mara bantu ya bunduki balilala mu shule yetu, balikata poto ya goli, bakafanya kuni. Bakiondoka, sisi tunakata zingine. Mu shimo ya zamani kulibakia kisiki, basi tunachimba pembeni. Na muti mubichi ukiupanda mu udongo yetu, unaota majani. Siku ile ya mechi balikuwa banasimama pale, banapiga makofi. Ningesema nini?"

Akachukua tena kijiko chake.

"Hazikutembeaka, Papa. Balizipikia maharagi."